Fundo la msuko lililokataa kukaa: kisa cha nywele za kiunoni na kofia ya mahafali

"Dada, fundo langu halikai," mteja wangu aliniambia hata kabla hajaketi. "Nikilibana asubuhi, ikifika saa nne limeshalala upande mmoja. Nikikaza zaidi, kichwa kinaniuma hadi kwenye macho."

Zilikuwa zimebaki wiki 2 afanye mahafali. Alitaka nywele zote zisukwe, zikunjwe fundo moja, zikae tangu atakapovaa joho asubuhi hadi atakapovua viatu usiku, na ile kofia bapa ya mahafali ikae juu yake bila kupinda. Ni ombi ambalo msusi hulisikia mara nyingi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea, na kosa langu ndilo ninaloliona kila wiki kwenye vichwa vya watu: fundo likilegea, mkono unakwenda kukaza.

Nywele zake ni za singa, nyingi, nyororo. Nilizipima kutoka utosini hadi nchani nikapata sentimita 80. Unywele hukua kama sentimita 1 na robo kwa mwezi, yaani sentimita 15 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ncha nilizokuwa nimezishika kiganjani zilichomoza kichwani mwake zaidi ya miaka 5 iliyopita. Huwa namwambia hivyo kila mwenye nywele ndefu, maana mtu akijua umri wa ncha zake anaacha kuzichana kwa hasira.

Kabla sijagusa chanuo nilikagua ngozi. Utosini hapakuwa na neno. Ila kwenye panja zote mbili, pale nywele zinapoanzia juu ya sikio, niliona nywele fupi fupi zimesimama, za urefu usiolingana, na upande wa kushoto ngozi ilikuwa inaonekana kuliko kulia. Nikamuuliza anavyojibana siku za kazi. Akanionyesha: mkia mmoja wa juu, mpira mwembamba mtupu umezungushwa mara 4, kisha nywele zinaviringishwa na kuchomekwa pini. Kila siku, mahali palepale, miaka 3.

Nilipaswa kusimama hapo nifikiri. Badala yake nikaendelea na jaribio la kwanza kama nilivyozoea.

Nilimwosha nywele, nikazikausha kwa taulo tu, na zikiwa bado na unyevu nikazivuta nyuma kwa brashi zikawa laini kabisa, nikafunga mkia sehemu ya juu ya kisogo. Nikausuka wote msuko mmoja wa mafungu matatu, nikikaza kila mzunguko ili zisitoke nyuzi. Nikauviringisha kuzunguka shina la mkia, nikachomeka pini 14 kwa kuzisukuma moja kwa moja kuelekea katikati. Lilipendeza. Lilikuwa duara, limeng'aa, limesimama sentimita 9 kutoka kichwani. Alijitazama kwenye kioo akatabasamu, nami nikaridhika.

Baada ya saa 2 alirudi. Fundo lilikuwa limeinamia kushoto, na juu ya shingo nywele zilikuwa zimetengeneza tuta la kulegea, kama kitambaa kilichovutwa upande mmoja. Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe. Nilishika fundo, nikalizungusha lirudi mahali pake, nikaongeza pini 5 na kubana kwa nguvu. Alikunja uso lakini hakusema kitu. Wateja wengi hawasemi, wanadhani maumivu ni sehemu ya kupendeza. Kesho yake asubuhi alikuja bila kuitwa. Usiku alikuwa amelala kwa kuegemea mkono, na kwenye panja ya kushoto vilikuwa vimetoka vipele vidogo vyekundu, kila kimoja pale unywele unapotokea.

Nikaacha kurekebisha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, leo hatusuki. Leo tunafumua tu, polepole, tuone kilichotokea."

Nilitoa pini mojamoja, na kila niliyoitoa niliangalia ilikuwa imeshika nini. Kati ya pini 19, 11 zilitoka zenyewe mara tu nilipozigusa: zilikuwa zimeshona msuko kwa msuko, ngazi moja ya fundo kwa nyingine, bila kufika kwenye nywele zilizolala kichwani. Yaani fundo lilikuwa limejishika lenyewe imara sana, lakini kichwa halikukishika. Kilicholiunganisha na kichwa ni ule mpira na pini chache tu, na uzito wote ulining'inia hapo. Ningeongeza pini hata 30 kwa mtindo ule, nisingepata mshiko mwingine wowote.

Jambo la pili nililigundua nilipofika ndani. Tabaka za nje za msuko zilikuwa kavu, lakini karibu na shina bado palikuwa na ubaridi wa maji, siku nzima baada ya kuoshwa. Hili linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndani yake kuna majibu ya malalamiko yake yote mawili. Unywele ukilowa hunenepa kwa kadiri ya asilimia 15, na huwa laini, unavutika kwa urahisi kuliko ukiwa mkavu. Ukiusuka katika hali hiyo unausuka ukiwa mnene na umevutika. Ukikauka, unapungua unene, basi msuko unapata nafasi ndani yake na fundo linalegea. Wakati huohuo sehemu ile kati ya mzizi na mpira, iliyovutwa ikiwa laini, inajikusanya na kukaza ngozi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na fundo lililolegea na kichwa kinachouma kwa pamoja, jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini akilisikia. Anahisi maumivu anadhani limekaza. Analishika anaona limelegea. Akikaza, anakaza upande wa mzizi tu.

Tena nywele za singa zilizooshwa saa ileile huteleza. Mafuta kidogo yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa baada ya siku moja ndiyo yanayozipa nyuzi mshiko. Mimi nilikuwa nimeyasafisha yote kisha nikalaumu pini.

Halafu mkao. Shika kitabu kizito ukikikumbatia kifuani, kisha kinyooshe mbele kwa mkono mmoja. Uzito ni uleule, lakini bega linajua tofauti. Fundo linalosimama sentimita 9 kutoka kichwani linavuta mizizi kwa namna hiyo: kila akiinama au kugeuka ghafla, ncha yake ya nje ina nguvu ya kulipindua kuliko pini zinavyoweza kulizuia. Fundo pana lililolala karibu na fuvu, lenye nywele zilezile, halina nguvu hiyo.

Na kwa nini liliinamia kushoto kila mara, hata yeye akijifunga mwenyewe? Nilimtazama akijaribu mbele ya kioo. Sote wawili tunatumia mkono wa kulia, sote tunaviringisha upande mmoja. Msuko mmoja uliozungushwa kwenye shina ni kama kamba iliyoviringishwa kwenye kigingi: una upande mmoja wa kufungukia, na kila mtikisiko unaupeleka huko.

Kuhusu zile panja, sikutaka kulegeza maneno. Upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa ni jambo linalojulikana na madaktari kwa muda mrefu. Tangu 1907 ulishaelezwa kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa mvuto mkali, na mahali ulipoanzia ni palepale, kwenye mpaka wa nywele. Mwanzoni huwa ni kuuma, wekundu, vipele kwenye mizizi, na nywele fupi zilizokatika. Mtu akiacha kuvuta katika hatua hiyo, nywele hurudi. Akiendelea kwa miaka, mzizi unaweza kufa na mahali pake pakabaki kovu ambalo halioti kitu. Yale maumivu ya kichwa nayo si udhaifu wake. Yanatokana na mvuto kwenye ngozi, na kwa kawaida hupungua mara nywele zinapoachiwa. Nilimweleza haya akiwa ameketi, nikiwa mbele yake, si nyuma ya kiti. Msusi anayeona panja zimeanza kwenda na akanyamaza ili asipoteze mteja, kwangu mimi anakosea kuliko yule asiyejua kusuka.

Tukakubaliana siku 5 za kupumzisha nywele: msuko mmoja mlegevu mgongoni, bila mpira mtupu, bila pini. Vipele vilitulia siku ya tatu.

Maandalizi ya jaribio la pili yalianza siku moja kabla yake. Aliosha nywele mchana, akazikausha hadi ndani kabisa, akasuka misuko miwili mikubwa ya kulegea akalala nayo. Asubuhi tulipoifumua, nywele zilikuwa na mawimbi mepesi na hazikuteleza tena vidoleni. Mawimbi yale yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na kazi ambayo wengine huiachia dawa ya kupulizia ikawa imeshafanyika bure.

Nikatafuta mahali pa kuweka fundo kwa kidole. Nyuma ya kichwa kuna mfupa uliotokeza. Chini yake fuvu linaingia ndani kidogo kabla ya kufika ukosini. Fundo likilala kwenye kile kibonde, linakuwa karibu na kichwa, na ukanda wa kofia ya mahafali unapita juu yake bila kuligusa. Mara ya kwanza nililiweka juu ya ule mfupa, na kofia ilipovaliwa iliinuka nyuma kama mlango usiofungika. Mipaka ya chini nayo ipo: ukishuka mno, kola ya joho inalisukuma kila anapotazama juu. Kwa hiyo nilimvalisha joho kwanza, nikamwambia aangalie dari, nikaacha nafasi ya vidole viwili kati ya kola na mahali nitakapofunga.

Nikapasua njia mbili, kutoka nyuma ya kila sikio kwenda juu, zikutane chini kidogo ya utosi. Nywele za katikati zikawa peke yake, za mbele kulia na kushoto nikazibana pembeni. Zile za katikati nilizifunga mkia kwa mpira uliofunikwa kitambaa, mizunguko 2 tu, nikaingiza kidole kati ya mpira na kichwa kuhakikisha kinapita. Huu mkia wa katikati ndio ulioshika fundo. Nywele za panja hazikubeba kitu chochote, na hapo ndipo jaribio hili lilipotofautiana na lile la kwanza kuliko kwingine kote.

Mkia nikaugawa sawa kwa sawa, nikasuka misuko miwili ya mafungu matatu. Sikukaza. Kila baada ya mizunguko michache nilivuta kingo za msuko zitanuke, ukawa mpana na bapa, kama utepe. Mtu hudhani msuko uliokazwa ndio unaodumu, lakini msuko bapa unalala vizuri juu ya mwenzake na pini inapata mahali pa kuingia. Sentimita 80 zilitoka msuko wa sentimita 60 na kitu, urefu wa kutosha kabisa. Msuko wa kulia nikauzungusha chini ya shina kuelekea kushoto, nikaulaza. Wa kushoto nikaupitisha juu yake kuelekea kulia. Fundo likitaka kuzunguka upande wowote, msuko mmoja unafunguka lakini mwingine unajifunga, basi haliendi popote. Ncha nikazikunja ndani, chini ya misuko, zisionekane wala kusuguliwa na kola.

Sasa pini, na hapa naomba msomaji awe nami taratibu. Nilitumia pini 7 za umbo la herufi U na 2 za kubana. Pini ya U unaishika miguu yake ikitazama nje, mbali na fundo. Ncha zake unazigusisha kwenye ukingo wa msuko, unachota nyuzi chache za msuko ule, kisha unaishusha hadi ichote pia nywele zilizolala kichwani, unasikia kabisa ncha ikipita juu ya ngozi bila kuichoma. Ndipo unaigeuza, kichwa chake kielekee nje, na kuisukuma chini ya fundo kuelekea katikati, sambamba na fuvu. Kule kugeuza ndiko kunakofunga. Pini ikiingia sawasawa, inakuwa kama mlango uliotiwa komeo: ukivuta fundo kidogo, ngozi ya kichwa inasogea nalo. Ukivuta na ngozi isisogee, pini hiyo haijashika kitu, itoe uirudie. Zile 2 za kubana niliziweka chini, zimepishana kama alama ya msalaba, upande wenye mawimbi ukitazama ngozi. Wengi huuweka nje kwa sababu unaonekana kama urembo, kumbe mawimbi yale yamewekwa ili yashike nywele.

Nywele za mbele nilizirudisha nyuma mwisho, kwa kuzisokota kwa ulegevu, nikazipitisha kuzunguka fundo kuficha mpira. Zile fupi za panja alitaka zilazwe kwa jeli na brashi ngumu. Nilikataa. Tone moja la mafuta kiganjani, kupapasa mara moja, basi. Zilizobaki zimesimama zikabaki zimesimama. Alinung'unika kidogo, na namwelewa, lakini nywele zilizotoka kukatika si za kupigwa brashi ili picha ipendeze.

Fundo hili lilisimama kama sentimita 5. Akatikisa kichwa, akainama kufunga viatu, akapanda na kushuka ngazi, akavaa kofia kwa saa nzima. Kisha nikamwambia aende nyumbani aishi nalo. Aliporudi jioni, saa 7 zilikuwa zimepita, pini moja ilikuwa imerudi nyuma nusu, ile ya juu kushoto, ambapo ukanda wa kofia uliigusa kila alipoivua. Tuliihamisha upana wa kidole kuelekea chini. Kichwa hakikuuma.

Siku ya mahafali sikuwa na la kurekebisha. Nilimsuka saa moja asubuhi, akafumuliwa saa nne usiku.

Kufumua nakuhesabu kuwa sehemu ya kazi. Aliketi, nikatoa pini nikizihesabu kiganjani, 7 na 2, maana pini iliyosahaulika ndani inakuja kukata nyuzi usiku. Nikafungua misuko kuanzia nchani kwenda juu, kwa vidole, chanuo likingoja hadi vidole vipite bila kukwama. Nilipofika kwenye mizizi, nywele kadhaa zikabaki mkononi mwangu, na niliona sura yake ikibadilika.

"Dada, zinatoka tena."

Nikatandika kitambaa cheusi mapajani pake, nikazilaza moja moja chini ya taa. Zilikuwa ndefu, za urefu wake kamili, na kila moja ilikuwa na kichwa cheupe kidogo upande wa mzizi, mfano wa mbegu ndogo sana. Hizo ni nywele zilizomaliza muda wake. Mtu hupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku, ila zikiwa zimefungwa tangu asubuhi hazipati pa kuangukia, zinangoja zitoke zote kwa mpigo. Kisha nikatoa bahasha niliyokuwa nimeweka zile zilizobaki kwenye brashi siku ya jaribio la kwanza, nikazilaza kando yake. Nyingi zilikuwa fupi, na hata kwa kuzigeuza kwenye mwanga hazikuwa na kile kichwa cheupe mwisho wowote. Zilikuwa zimekatika. Aliziangalia zile safu mbili kwa muda mrefu kuliko alivyojiangalia kwenye kioo asubuhi.

Tangu siku ile amebadilisha mazoea ya kila siku: mkia wa chini, mpira wa kitambaa, na mahali pa kufungia panahama, leo kulia, kesho kushoto, siku nyingine msuko mgongoni tu. Nilimfundisha misuko miwili mbele ya kioo. Mkono wa kushoto ulimsumbua mno siku za mwanzo, kwani haujazoea kuzungusha, ila sasa anamaliza fundo kwa dakika 20 bila msaada.

Baada ya miezi 3 nilipima tena. Panja ya kulia ilikuwa na nywele changa zilizolingana, sentimita 3 na nusu, sawa na ukuaji ninaoutarajia kwa muda huo. Ya kushoto imejaza sehemu ya mbele, lakini nyuma kidogo kuna kipande cha upana wa ukucha wa kidole gumba ambacho bado ni kitupu, ngozi yake laini na inang'aa kuliko pembeni. Hapo ujuzi wangu unakoma. Nimemwandikia kwenye karatasi nilichoona, tangu siku ya kwanza hadi leo, aende nayo kwa daktari wa ngozi, na nimemwambia kwamba mpaka ajibiwe, upande huo sitaugusa kwa pini wala mpira.